Nyumba Njema na Mlango Wake

Mhadhara kuhusu namna ya kuwachunguza watu walioamua kuishi pamoja



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa utafiti wa watu wanaoishi kijumuiya. Najua mada kama hii inaweza kumlaza mtu usingizi kabla msemaji hajamaliza salamu. Kwa hiyo niruhusuni nianze na kaunta buku.

Nilikuwa kijana, msaidizi wa utafiti katika kijiji kimoja cha mkoa wa Ruvuma. Kibali tulikuwa nacho, barua ya utambulisho ilikuwa imeshuka kutoka mkoani hadi wilayani, wilayani hadi kwenye kata, na mkononi tulikuwa na hojaji ya kurasa kumi na moja. Kazi yetu ilikuwa kuwauliza wazee maisha yalivyokuwa enzi za kijiji cha ujamaa: nani alilima, nani aligawiwa nini, ugomvi ulisuluhishwaje. Mtendaji wa kijiji alitutolea kaunta buku kubwa, kona zake zimeliwa na mchwa. Ndani kaya zilikuwa zimeorodheshwa kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa wino. Majina mengine yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu. Pembeni ya baadhi paliandikwa "amefariki", pembeni ya mengine "amehama", na mengine yalikuwa na mstari tu, bila neno. Mkuu wa timu yetu aliniambia niyaruke yote yenye wekundu, ninakili yaliyo safi, kisha tupige kura ya kupata sampuli. Nikafanya hivyo, na nikajiona mtaalamu.

Siku ya tatu nikafika kwa bibi mmoja, nikamkuta barazani anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Tulipofika swali la kumi na nane, "Kwa maoni yako, kwa nini kijiji hiki kilidumu?", aliacha kupukuchua. Akapuliza makapi kiganjani, akasema: "Mjukuu wangu, mnatuuliza sisi tuliobaki. Sisi tutakwambia tulibaki kwa sababu palikuwa pazuri. Hao waliokwenda, mmewauliza?"

Nilicheka kwa adabu. Kwenye hojaji nikaandika: "Palikuwa pazuri." Swali lake sikuliandika, maana hojaji haikuwa na nafasi yake.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mposaji na mpangaji ni maneno ya busara. Kwa mtafiti yana mtego. Mtafiti akikimbilia ndani kuhesabu vitanda na masufuria, hatajua nani alikaribishwa, nani alizuiwa, na nani alitokea mlango wa uani usiku bila kuaga. Neno langu leo ni hilo moja: anayetaka kuwachunguza watu walioamua kuishi pamoja, aanzie mlangoni.

Ufunguo uko kwa nani?

Ninaposema jumuiya za hiari, nina maana ya watu ambao hawakukutanishwa na ukoo wala ajira, bali walikaa wakakubaliana: tutaishi mahali pamoja, tutachangia mali au nguvu, na tutafuata kanuni tulizojiwekea. Nyumba za watawa ni jumuiya za namna hiyo. Kibutsi za Israeli, ambazo ya kwanza, Degania, ilianza mwaka 1910, ni za namna hiyo. Na kwetu, kabla neno ujamaa halijawa sera ya serikali, palikuwa na Litowa.

Watafiti wanazipenda mno jumuiya hizi, na wana sababu. Watu wanakula chungu kimoja, wanalala chini ya mapaa yanayofanana, wanaamka kwa kengele moja, na mara nyingi kumbukumbu zao zimetunzwa vizuri kuliko za mtaa wowote wa mjini. Ukitaka kujua kama chakula, kazi au upweke vinafupisha maisha, utapata wapi mahali pazuri kuliko hapo?

Lakini kuna kikwazo. Anayejaribu dawa mpya anaweza kurusha shilingi: ikiangukia kichwa, mgonjwa huyu anapewa dawa, ikiangukia mwenge, anapewa kidonge kisicho na kitu. Makundi mawili yanatoka yakiwa yamefanana, kwa kuwa hakuna aliyejichagulia. Sasa nani atarusha shilingi amwambie binti mmoja nenda utawani, na mwenzake nenda ukauze dagaa? Watu wa namna hii hatuna budi kuwatazama walivyojipanga wenyewe. Huo ndio utafiti wa uchunguzi. Katika jaribio, ufunguo wa mlango anaushika mtafiti. Katika uchunguzi ameushika mtu mwingine, na kazi ya kwanza ya mtafiti ni kumjua huyo mtu ni nani na anamfungulia nani.

Litowa na lori

Mwaka 1960 vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda kuanzisha makazi Litowa, wilayani Songea. Mwanzo ulikuwa mgumu. Wapo walioshindwa wakarudi makwao, na waliobaki wakaendelea kung'oa visiki. Baadaye Mwingereza Ralph Ibbott alihamia huko na familia yake akawa mshauri wao. Vijiji vingine vikafuata mfano, vikaungana katika chombo kilichojulikana kwa herufi RDA, yaani Ruvuma Development Association. Kufikia mwisho wa miaka ya sitini vilikuwa 17. Walikuwa na mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao, na shule ya Litowa chini ya mwalimu Suleman Toroka, ambayo hutajwa kuwa moja ya chemchemi za fikra za Elimu ya Kujitegemea. Litowa ilikuwa miongoni mwa mifano iliyomvutia Mwalimu Nyerere alipokuwa akiandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967.

Hebu mchukulieni mtafiti aliyefika Litowa mwaka 1968. Anaona mashamba safi, mikutano yenye hoja, watoto wanaojua kusoma na kupanda mahindi. Anaandika: watu wakiishi pamoja na kulima pamoja, wanaendelea. Alichokiona ni kweli. Hitimisho lake ndilo lenye kasoro. Wale hawakuwa sampuli ya wakulima wa Tanzania. Walikuwa watu waliokwishachujwa mara mbili, kwanza na nia yao wenyewe, kisha na njaa ya miezi ya mwanzo. Mvivu hakwenda. Mwenye shaka alikwenda akarudi. Mwenye mji mzuri na migomba yake hakuona sababu ya kuondoka. Ukimpima aliyebaki ukasema umepima ujamaa, umepima pia ukaidi wake, ujana wake na imani yake, na hujui kipi ni kipi.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu vijijini awe anaishi katika kijiji. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa, wengine kwa hiari, wengine kwa kupakiwa kwenye lori pamoja na kuku wao, na nyuma yao nyumba zikaezuliwa ili wasirudi.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, kuna jambo linalouma kulisema. Kwa jicho kavu la mtakwimu, lori ni rafiki wa utafiti kuliko hiari. Waliopakiwa hawakujichagua, kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba sasa tutapima maisha ya kijiji yenyewe, bila kuchanganya na tabia ya waliokipenda. Lakini angekosea, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba uchaguzi haukufa, ulibadilisha mikono. Zamani mkulima alichagua kijiji. Sasa ofisa alichagua mkulima wa kumhamisha na mahali pa kumpeleka. Na ofisa naye alikuwa na sababu zake: barabara ipite karibu, mkuu wa mkoa aone kazi imefanyika. Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, ambako nyumba zilikuwa tayari zimebanana na mashamba yamejaa migomba na kahawa, watu wengi hawakuhamishwa; walipo ndipo palipoandikishwa kuwa kijiji. Ukilinganisha waliohamishwa na wasiohamishwa, unalinganisha nchi kavu na nchi ya mvua, mahindi na kahawa, walio mbali na soko na walio karibu nalo. Tofauti utaiona, lakini huna haki ya kuiita tofauti ya ujamaa.

Ya pili ni wakati. Mwaka 1974 na 1975 nchi ilipungukiwa chakula, na serikali ikaagiza nafaka nyingi kutoka nje. Wapo wanaosema ni matunda ya operesheni ile ya kuhamisha watu: waliondolewa mashambani wakati wa kilimo. Wapo wanaosema ni ukame uliozipiga nchi nyingi za Afrika. Wengine wananyoosha kidole kwenye bei ya mafuta, iliyopanda ghafla mwishoni mwa 1973. Vyote vitatu vilipanda basi moja, na ukisimama kituoni unatazama abiria wakishuka, huwezi kumjua aliyeiba.

Je, tukate tamaa? Hapana. Operesheni haikufika kila mahali siku moja. Rufiji, Dodoma na Kigoma zilitangulia amri ya 1973. Mtu mwenye subira anaweza kuchukua wilaya moja akailinganisha nayo yenyewe, kabla na baada, akiweka rekodi za mvua kando ya rekodi za mavuno. Anaweza kutafuta vitongoji viwili vilivyopakana, kimoja kilihamishwa na kingine kiliachwa, akauliza kwa nini kiliachwa. Na hata hapo awe macho: Rufiji ilianza baada ya mafuriko, kwa hiyo mto nao ulikuwa na kura yake katika uchaguzi ule. Hiyo ndiyo kazi ya uchunguzi mwema. Huwezi kuwashusha abiria wote, lakini unaweza kumpekua mmoja mmoja.

Waliodumu na walioyeyuka

Yule bibi wa Ruvuma hakuwa peke yake. Mwaka 1972 mwanasosholojia wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, alitoa kitabu kuhusu jumuiya 30 zilizoanzishwa nchini mwake kati ya 1780 na 1860. Watu wengi wangechukua zile maarufu zilizodumu wakauliza siri yao. Yeye aliwafukua na wafu. Alihesabu kuwa jumuiya imefanikiwa ikiwa ilidumu miaka 25 au zaidi. Zilizopita mtihani huo zilikuwa 9, zilizoanguka 21. Kwa hiyo Shakers, waliodumu vizazi na vizazi, waliwekwa mezani pamoja na Brook Farm, iliyoanza 1841 na kusambaratika 1847. Bila zile 21, ungeweza kuona kwamba zote 9 zilikuwa na nyimbo za pamoja, ukatangaza kuwa nyimbo ndizo zinazodumisha. Kumbe labda zilizokufa nazo ziliimba.

Kanter aligundua kwamba jumuiya zilizodai kafara kubwa kutoka kwa wanachama, kama kuacha mali au anasa, ndizo zilizoelekea kudumu. Maelezo yake ni kwamba kafara humfunga mtu: aliyetoa vingi haoni rahisi kuondoka. Mimi nikiwa mlangoni nauliza swali jingine. Je, kafara ilimfunga aliyeingia, au ilimfukuza aliyekuwa vuguvugu kabla hajaingia? Yote mawili yangetoa hesabu ileile, lakini ushauri wake si mmoja. Kama kafara hufunga, kijiji chochote kinaweza kuimarishwa kwa kuwadai watu zaidi. Kama huchuja tu, ukiwadai zaidi watu ambao tayari umewaleta kwa lori, utapata chuki bure.

Mlango wa kutokea nao una mchujo wake. Mwanauchumi Ran Abramitzky alizichunguza kibutsi, ambako kwa miaka mingi fundi na mpishi, mhandisi na mchunga ng'ombe waligawana sawa. Aliona kwamba wenye elimu na ujuzi mkubwa ndio walioelekea zaidi kuondoka, kwa sababu nje walikuwa na cha kupata. Mtafiti aliyefika enzi hizo, akapima elimu ya waliobaki, akasema "usawa hudumaza akili", amewasingizia waliobaki kosa la waliokwenda.

Kibutsi mbilimbili

Msidhani nimekuja kuvunja tu. Nitawapa mfano wa utafiti ninaouheshimu.

Jeremy Kark na wenzake walitaka kujua kama maisha ya jumuiya ya kidini yanahusiana na kuishi muda mrefu. Mtaani, swali hilo ni kichaka: anayesali mara kwa mara huenda hanywi pombe, huenda ana ndoa imara, huenda ana afya ya kumwezesha kutembea hadi kwenye nyumba ya ibada. Wao wakaenda mahali ambapo kichaka kimekwishafyekwa nusu. Walichukua kibutsi 11 za kidini, na kwa kila moja wakatafuta nyingine isiyo ya kidini ya kufanana nayo, wakiangalia mahali zilipo na hospitali zinazotegemewa. Pande zote mbili watu waliishi kijumuiya, waligawana sawa, walikula katika bwalo, walitibiwa kwa utaratibu mmoja. Waliwafuatilia watu 3,900 wenye miaka 35 na kuendelea, kuanzia 1970 hadi 1985, na wakachapisha matokeo mwaka 1996.

Katika miaka hiyo 16 walifariki watu 268: 69 katika kibutsi za kidini na 199 katika zisizo za kidini. Naona wanafunzi wa mstari wa mbele wameshaanza kugawanya. Subirini! Huwezi kulinganisha 69 na 199 kabla hujajua kila upande ulikuwa na watu wangapi na umri gani. Kijiji cha wazee huzika zaidi hata kama ni chenye heri. Watafiti walilifanya hilo, na baada ya kusawazisha umri bado kasi ya vifo upande usio wa kidini ilikuwa takribani mara mbili.

Uzuri wa utafiti huu ni milango miwili inayotazamana, yenye kizingiti kinacholingana, ikitofautiana kwa jambo moja kubwa. Upungufu wake nao ni wa wazi: jambo hilo moja ni fumba la mambo mengi. Ni sala? Ni Sabato, siku ambayo kila mtu analazimika kupumzika? Ni mshikamano wa watu wanaoonana mara nyingi kwa siku? Utafiti ulitufikisha kwenye chumba, haukutuonyesha kitanda. Walioufanya waliandika hivyo kwa unyofu, na unyofu huo nauhesabu kuwa sehemu ya ubora wake.

Insha za masista

Mfano wa pili ni wa watawa Wakatoliki wa Marekani, masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame. Mtafiti David Snowdon aliwaomba masista wazee washiriki katika utafiti wa uzee na ugonjwa wa kusahau. Kati ya 1,027 waliostahili, 678 walikubali, wenye umri kati ya miaka 75 na 102. Walikubali kupimwa kumbukumbu kila mwaka, na wakakubali pia kwamba wakifa ubongo wao uchukuliwe kuchunguzwa. Mtu aliyetoa maisha yake yote haoni taabu kuongeza na hicho.

Angalieni mlango huu ulivyo. Karibu hakuna anayevuta sigara, hakuna aliyezaa, kipato kinafanana, chakula kinafanana, matibabu yanafanana. Mambo ambayo mtaani humsumbua mtafiti usiku na mchana, hapa yamenyamazishwa na kanuni za shirika. Lakini hazina kubwa ilikuwa kabatini. Walipokuwa wasichana, wastani wa miaka 22, kabla ya kuweka nadhiri, baadhi yao walikuwa wametakiwa kuandika insha fupi za maisha yao. Zilikaa kwenye kumbukumbu za nyumba karibu miaka sitini.

Watafiti walizisoma wakihesabu wingi wa mawazo katika kila maneno kumi. Niwaonyeshe kwa mfano wangu mwenyewe. Msichana mmoja anaandika: "Nilizaliwa Mei. Tuko wanane. Baba ni fundi." Mwenzake anaandika: "Mwezi Mei, mvua zikiwa zinaisha, nilizaliwa wa tano kati ya wanane katika nyumba aliyoijenga baba kwa mikono yake." Habari ni karibu zilezile, lakini sentensi ya pili imebeba mizigo mingi kwa safari moja. Katika insha 93, hasa kutoka nyumba za eneo la Milwaukee, walioandika kwa namna ya kwanza ndio walioelekea zaidi kupata matatizo ya kumbukumbu uzeeni.

Nguvu ya ushahidi huu ni kwamba uliandikwa kabla. Hakuna sista aliyekaa akiwa na miaka 85 akijaribu kukumbuka alivyokuwa na 22. Na alipokuwa na 22 hakujua kuna mtu atakayehesabu maneno yake. Ukimwuliza mzee ujana wake ulikuwaje, atakujibu kwa uzee wake. Karatasi ya zamani inajibu kwa ujana wake.

Hata hivyo, msiende nyumbani mkawalazimishe watoto waandike sentensi ndefu ili wasisahau uzeeni. Yawezekana sentensi nyembamba haikuleta ugonjwa, ila ilikuwa dalili ya ubongo ulioanza safari mapema. Mshale unaweza kuwa umetoka huku kwenda kule, au kule kuja huku. Na wale 349 ambao hawakukubali kushiriki, hatuna ubongo wao wala majibu yao. Tena, tunachojifunza kwa mwanamke aliyeishi bila kuzaa, bila deni la kodi ya nyumba, bila mume wa kumsubiri usiku, tukipeleke kwa mama lishe wa Manzese kwa uangalifu mkubwa. Mlango uliorahisisha utafiti ndio huohuo unaozuia matokeo yake kutembea.

Mgeni njoo

Nimezungumza juu ya mlango wa wenyeji. Kuna na mlango anaouingilia mtafiti mwenyewe.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija kuku huchinjwa, ua hufagiwa, na mume aliyekuwa hasemi na mkewe hujifanya anacheka naye. Katika jumuiya ya hiari jambo hili ni kubwa zaidi, maana wao wana dai la kulinda: wamewaambia walimwengu kwamba inawezekana kuishi hivi. Mzee mmoja aliniambia kwamba siku za wageni shamba la kijiji lilijaa majembe hadi watu wakaumizana visigino, na siku ya pili likarudi kwa kunguru.

Dawa yake ni nini? Kwanza kukaa. Ukitaka kujua uhondo wa ngoma ingia ucheze, na usicheze wimbo mmoja ukaondoka. Wiki ya kwanza unaonyeshwa. Mwezi wa tatu wamechoka kukuonyesha. Pili ni kubahatisha muda. Mwanaanthropolojia Allen Johnson, katika kazi yake kuhusu Wamachiguenga wa Peru iliyochapishwa mwaka 1975, hakuwauliza watu wanatumiaje siku. Alichagua nyumba na saa kwa bahati nasibu, akatokea, akaandika kile ambacho kila mtu alikuwa anafanya wakati ule. Ukimwuliza mtu, atakutajia kazi anazozionea fahari. Ukitokea saa nane mchana, utamkuta amelala, na kulala nako ni data.

Tatu ni kuwa na haya. Mwenyekiti wa jumuiya akishasema "karibuni", kijana wa mwisho kabisa atathubutu kusema hataki? Ridhaa ya mkutano si ridhaa ya mtu. Muulize kila mmoja peke yake, mbali na baraza, na umpe njia ya kukataa isiyomwaibisha. Na usijidanganye kwamba umeficha utambulisho wa watu kwa kuandika "mweka hazina, mwanamke, umri miaka 52". Kijiji kizima kina mweka hazina mmoja. Ripoti yako itasomwa na majirani zake, na wewe utakuwa umeshapanda basi.

Kuhusu mistari myekundu

Nimalizie nilipoanzia. Miaka kadhaa baada ya kazi ile, nikiwa na shughuli nyingine Songea mjini, nilipeleka mahindi mashineni. Mwenye mashine aliposikia nimewahi kufanya kazi katika kijiji kile, akaniuliza ya watu wa huko kwa majina. Nikatambua jina lake. Lilikuwa miongoni mwa yale niliyoyaruka, lenye mstari tu, bila neno.

Nilimuuliza swali la bibi. Akasema aliondoka kwa sababu alikuwa fundi, na kila usiku aliitwa kutengeneza mashine ya kijiji, lakini siku ya mgawo alipata sawa na aliyelala. Hakusema kwa uchungu. Nikadhani nimepata jibu langu: wenye ujuzi huondoka, kama kule kwenye kibutsi. Lakini akaendelea. Hakuna msiba wa kijijini aliowahi kuukosa. Mtoto wa dada yake alisoma sekondari akilala hapo kwake. Mashine ya kijiji ikiharibika, bado wanamwita, na bado huenda, ila siku hizi wanamlipa.

Kwa hiyo hata yale makundi mawili niliyokuwa nayo kichwani, waliobaki na waliokwenda, hayakuwa makundi mawili. Mlango ule ulikuwa wazi na watu walipita kwenda na kurudi, na mstari mwekundu ulichorwa na karani aliyehitaji kufunga hesabu ya mwaka. Mimi niliuamini kwa sababu ulinipunguzia kazi.

Wanafunzi huniuliza wafanye nini kesho asubuhi. Nawaambia: mkipewa kaunta buku, nakilini kila jina, hasa yaliyokatwa. Kwa kila jina lililokatwa ulizeni watu watatu, mmoja aliye ndani, mmoja aliye nje, na mwenyewe kama anapatikana. Andikeni tarehe ya kuingia na ya kutoka, na nani alikuwa na uwezo wa kusema ndiyo au hapana. Mtafutieni kijiji chenu jirani wa kufanana naye kabla hamjauliza swali la kwanza, siyo baada ya kuona majibu. Tafuteni karatasi za zamani zilizoandikwa na watu wasiojua kwamba mtakuja. Na mambo matatu yakitokea kwa wakati mmoja, msimtaje mwizi kabla hamjampekua kila mmoja.

Hojaji ya kwanza niliyoiandika kwa jina langu mwenyewe haikuwa na lile swali la kumi na nane. Ilifunguliwa na swali hili: "Ni nani aliwahi kuishi hapa, na sasa hayupo?" Katika nyumba ya kwanza tulikaa nalo tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, na ukurasa wa pili hatukuufikia siku ile.